Kuwa Halisi Mtandaoni Si Kujianika

Ushauri unaosikika zaidi kwa anayetaka kujijengea jina mtandaoni ni huu: kuwa wewe. Halafu somo la pili linaanza, na mwalimu yuleyule anakueleza saa nzuri ya kuposti, rangi tatu za kushikilia kwenye kila picha, namna ya kumnasa mtazamaji ndani ya sekunde za mwanzo, na maneno ya kuepuka ili video isifichwe na mitambo. Mwanafunzi anabaki njia panda. Kama ni kuwa mimi, mbona masharti mengi hivi? Na kama ni masharti, huyo "mimi" anaingia wapi?

Wengi humaliza utata huo kwa kuchagua upande. Wapo wanaosema chapa binafsi, yaani mtu kujijengea jina kama bidhaa inavyojengewa, ni unafiki mtupu, na methali wanayo mkononi: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wengine hujibu kwa methali yao, vyaelea vimeundwa, wakimaanisha kwamba hakuna jina lililowahi kusimama bila mtu kulihangaikia. Kila upande una hoja, ila naona wanagombania kitu ambacho hawajakifungua wakaona kilichomo. Dai la "uhalisia" limebeba madai matatu ndani yake: useme kila kitu, usijipange, na usidanganye. Mawili ya kwanza hudaiwa kwa sauti kubwa. La tatu ndilo pekee ambalo wafuasi wana haki ya kukudai, na ndilo linalotajwa kwa nadra.

Mtu kugeuzwa chapa

Wazo la mtu kujiuza kama bidhaa lilivuma mwaka 1997, pale Tom Peters, mwandishi wa Marekani wa masuala ya uongozi wa kampuni, alipochapisha makala katika jarida la Fast Company akiwahimiza waajiriwa wajione kuwa wakurugenzi wa kampuni iitwayo Mimi. Facebook ilikuwa bado miaka saba kuzaliwa, YouTube minane, Instagram kumi na mitatu. Peters alikuwa akizungumza na watu wa ofisini, akiwaambia kwamba cheo na kiti havitawalinda tena, kwa hiyo kila mmoja ajulikane kwa jambo fulani analolifanya kuliko wengine. Mitandao ya kijamii ilipofika, ushauri wa watu wachache wa ofisini ukawa sharti la karibu kila mtu mwenye kitu cha kuuza, hata kama kitu chenyewe ni maoni yake tu.

Hapo pana mkwaruzano ambao Peters hakuugusa sana. Chapa ya bidhaa hujengwa juu ya kutobadilika: soda ya leo lazima iwe na ladha ya soda ya jana. Mtu hayuko hivyo. Anasoma, anaumwa, anahama kazi, anabadilisha mawazo kuhusu jambo alilolitetea miaka mingi. Isitoshe, anayenunua sabuni hajali kama sabuni inaamini kinachoandikwa kwenye pakiti yake. Ataifulia nguo na atajua. Ushauri wa fedha, mafunzo ya lugha au mpango wa lishe huwezi kuujaribu kirahisi kabla ya kuulipia, kwa hiyo mteja humwangalia muuzaji mwenyewe na kujiuliza kama kweli ndivyo alivyo. Swali hilo likishakuwa na thamani ya fedha, uhalisia nao unakuwa bidhaa. Na bidhaa inayotafutwa haikosi bandia zake.

Sura nyingi, mtu mmoja

Kati ya 1949 na 1951, mwanasosholojia mzaliwa wa Kanada, Erving Goffman, alifanya utafiti katika visiwa vya Shetland, kaskazini mwa Scotland, akitazama jinsi watu wanavyojiweka mbele ya wenzao. Sehemu moja aliyoitazama ni hoteli. Jikoni wafanyakazi walikuwa na mwenendo mmoja, na wakishavuka mlango kuingia ukumbi wa chakula, mbele ya wageni, mwenendo mwingine. Kutokana na uchunguzi wa aina hiyo alijenga hoja, iliyochapishwa 1956 na kupanuliwa 1959, kwamba maisha ya watu yana jukwaa na nyuma ya jukwaa, na kila mmoja wetu hupita kati ya sehemu hizo mbili mara nyingi kwa siku.

Hakuna mgeni mwenye akili zake atakayemwita mhudumu mwongo kwa sababu hamtanii kama anavyomtania mpishi. Unavyozungumza na bibi yako sivyo unavyozungumza na mwenzako mliyesoma naye, na wote wawili wanakujua vizuri. Kubadilika kufuatana na uliye naye ni adabu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Anayesema "mimi niko vilevile kwa kila mtu" ama hajajitazama, ama ni mtu mgumu kuishi naye.

Mtandao umeondoa ule mlango wa jikoni. Watafiti Alice Marwick na danah boyd (mwenyewe huliandika jina lake kwa herufi ndogo) waliieleza hali hiyo katika utafiti wao kuhusu watumiaji wa Twitter mwanzoni mwa miaka ya 2010: hadhira ambazo zamani zilikutana nawe kwa zamu, sasa zinakusoma kwa pamoja. Bosi, shangazi, mteja, mliyeachana naye na mgeni asiyekujua kabisa, wote wanaiona sentensi ileile. Utani uliouandikia marafiki watano unasomwa na mtu anayefikiria kukuajiri. Ndiyo maana akaunti nyingi za watu makini zimepooza: mwenye akaunti ameandika kitu ambacho hakitamuudhi yeyote kati ya hao wote, na kitu cha namna hiyo hakimgusi yeyote pia.

Mark Zuckerberg aliwahi kusema, katika maneno yaliyochapishwa mwaka 2010, kwamba mtu kuwa na vitambulisho viwili ni dalili ya kukosa uadilifu. Ni kauli nyepesi kwa mtu ambaye maisha yake ya upande mmoja hayawezi kumfukuzisha kazi ya upande wa pili. Mwaka 2014 kampuni yake ilizifunga akaunti za wasanii kadhaa wa jukwaani, wanaume wanaotumbuiza kwa mavazi ya kike, ikiwataka watumie majina yao ya kisheria. Kwa wengi wao jina la cheti ndilo lililokuwa geni; wenzao waliwajua kwa jina la jukwaani. Oktoba mwaka huohuo Facebook iliomba radhi. Vijana nao walishapata dawa yao: akaunti moja ya wazi yenye picha zilizonyooka, na nyingine iliyofungwa, yenye marafiki wachache, ambako wanaposti wakiwa na nywele timutimu na hasira zao. Ukiuliza ipi kati ya hizo ndiyo ya kweli, umeuliza vibaya. Zote ni zake.

Simu aliishika nani?

Tuanze na dai la kutojipanga, kwa sababu ndilo linalodanganya macho kuliko mengine. Tazama kwa makini zile video fupi za "siku yangu ya kawaida". Mtu anaamka, anajinyoosha, anafungua pazia. Kamera iko tayari upande wa dirisha. Maana yake aliamka kabla, akaiweka, akajaribu pembe mbili tatu, akarudi kulala. Anatoka, anatembea peke yake taratibu mpaka anapotelea kwenye kona. Video inakatwa hapo. Usichokiona ni yeye akirudi mbio kuichukua simu kabla mpita njia hajaondoka nayo, kisha akisimama palepale kuangalia kama mwendo umependeza au arudie.

Hata anayelia mbele ya kamera yuko hivyo. Machozi yanaweza kuwa ya kweli kabisa. Lakini huyohuyo alibonyeza kitufe cha kuanza na cha kumaliza, akakata sehemu ndefu, akachagua picha ya kuweka mbele, akaandika maneno ya juu. Sisemi haya kumcheka. Ninachosema ni kwamba chapisho lisilopangwa halipo, na anayekuahidi chapisho la namna hiyo tayari amekupa ahadi asiyoweza kuitimiza.

Kuna kampuni iliyojaribu kulazimisha hali hiyo kwa mitambo. BeReal, programu iliyobuniwa Ufaransa, ilituma taarifa moja kwa siku kwa saa isiyotabirika, na mtumiaji akawa na dakika mbili za kupiga picha kwa kamera ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, bila filta. Mwaka 2022 ilivuma kiasi kwamba Apple waliichagua kuwa programu bora ya mwaka ya iPhone. Lakini kuchelewa kuliruhusiwa, na picha iliweza kurudiwa. Basi watu wakawa wanaipuuza taarifa inayowakuta kwenye kompyuta ya ofisini, wanasubiri hadi jioni wakiwa sehemu ya maana, ndipo wanapiga. Mitandao mikubwa nayo ikauiga mtindo wa kamera mbili. Juni 2024 BeReal iliuzwa kwa kampuni ya michezo ya simu ya Voodoo kwa euro milioni 500. Binadamu akipewa dakika mbili za kuwa halisi, atazitumia kujiweka sawa nywele, na sioni ubaya wowote hapo. Anayefanya hivyo kabla ya kufungua mlango wa nyumba yake hatumwiti msanii.

"Mbona hukutuonyesha talaka?"

Dai la kusema yote ni zito zaidi, kwa sababu lina gharama ambayo haionekani siku ya kwanza. Nadharia inayouzwa kwenye kozi za chapa binafsi ni kwamba ukionyesha udhaifu wako watu watakupenda. Nadharia hiyo ina mzizi wa kweli, lakini mzizi wenyewe umekatwa nusu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi kanda za mtu anayejibu maswali ya chemsha bongo. Katika baadhi ya kanda mtu huyo alipatia asilimia 92 ya maswali. Katika nyingine alipatia asilimia 30. Kisha katika baadhi ya kanda alisikika akijimwagia kahawa. Yule mjuzi, baada ya kumwaga kahawa, alipendwa zaidi. Yule wa asilimia 30, baada ya kumwaga kahawa, alipungua hata kile kidogo alichokuwa akipendwa.

Nusu ya pili ndiyo ambayo kozi hazikuambii. Udhaifu humsogeza karibu mtu ambaye umahiri wake ulishaonekana. Asiye na kazi ya kuonyesha, akianza na kumwaga kahawa, watu wanaona kahawa tu. Kijana anayeanza kujitangaza kama mhasibu au fundi wa umeme na wiki ya kwanza anaeleza jinsi anavyohangaika kujiamini, anawapa wateja sababu ya kusita kabla hajawapa sababu ya kumwita.

Upande wa pili wa gharama ni ukaribu wenyewe. Mwaka 1956, enzi ya televisheni ya rangi mbili, Donald Horton na Richard Wohl walieleza namna watazamaji wanavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtangazaji: anawatazama machoni kupitia lenzi, anazungumza kana kwamba yuko nao sebuleni, nao wanahisi wanamjua. Yeye hawajui. Simu imeuleta uso huo mpaka kitandani, tena siku hizi uso unajibu komenti. Matokeo yake, wafuasi huanza kudai kama ndugu. Aliyewaonyesha uchumba, pete na harusi, siku ndoa ikivunjika atakuta maswali yamejaa: mbona hukutuonyesha talaka? Kwa mantiki yao hawakosei. Yeye ndiye aliyewakaribisha ndani, sasa anataka kufunga mlango katikati ya mazungumzo.

Kwa hiyo mipaka huwekwa mapema, wakati bado hakuna anayeuliza. Akaunti inayohusu kazi yako tangu mwanzo, isiyogusa ndoa wala imani wala ugonjwa, haimfichi mtu chochote; hakuna aliyeahidiwa. Watoto hapa wana kesi yao. Picha ya mtoto akilia bafuni ni maudhui ya mzazi lakini ni maisha ya mtoto, na mtoto huyo atakua na kuikuta. Uhalisia wa mzazi haulipiwi kwa sura ya mwingine.

Deni lenyewe

Linabaki dai la kutodanganya. Hapa mambo hayana utata mwingi, na mfano wa Belle Gibson unatosha. Mwanamke huyu wa Australia alijipatia umaarufu kuanzia 2013 kwa kueleza kwamba ana saratani ya ubongo na kwamba anaikabili kwa chakula. Alikuwa na programu ya simu, akapata mkataba wa kitabu cha mapishi, na wafuasi waliomwamini, baadhi yao wagonjwa kwelikweli. Kwa vipimo vya kozi zote alikuwa halisi mno: alieleza hofu yake, alionyesha sura bila vipodozi, alizungumza kama rafiki. Mwaka 2015 alikiri kwenye jarida kwamba hakuwahi kuwa na saratani. Septemba 2017 Mahakama ya Shirikisho ya Australia ilimtoza faini ya dola 410,000 za nchi hiyo.

Mweke pembeni yake Lil Miquela, binti wa kuchorwa kwa kompyuta aliyeanza kuonekana Instagram mwaka 2016. Hana mwili, hana utoto, kila selfii yake imetoka mezani kwa mafundi. Kwa miaka miwili ya mwanzo watu walibishana kama ni mtu au si mtu, na kampuni yake ilifaidika na ubishi huo. Mwaka 2018 jambo likawekwa wazi, na mwaka huo jarida la Time likamtaja kati ya wenye ushawishi mkubwa kwenye intaneti. Tangu hapo anayemfuata anajua anamfuata nani. Ukipima kwa kujianika, Gibson anashinda kwa mbali. Ukipima kwa kutodanganya, mchoro ni mwaminifu kuliko mtu. Mimi sijawahi kuona sababu ya kumfuata Miquela, lakini silazimiki kumshuku.

Kati ya hao wawili kuna eneo pana lenye ukungu, na wengi wetu tuko humo. Mwishoni mwa 2015 Essena O'Neill, kijana wa Australia mwenye wafuasi zaidi ya nusu milioni Instagram, alifuta picha nyingi na zilizobaki akaziandikia maelezo mapya: hapa nililipwa kuvaa gauni hili, hapa nilipiga picha nyingi hadi tumbo likaonekana bapa. Wapo waliompongeza na wapo waliosema naye anatafuta kiki. Kwangu mimi kuna tofauti kati ya maelezo hayo mawili. Kurudia picha ni sawa na kuchana nywele. Kulipwa bila kusema ni jambo jingine, kwa sababu msomaji alitumia fedha zake akidhani anapewa maoni ya rafiki.

Sheria za nchi mbalimbali zimeuchora mstari karibu na hapo. Nchini Marekani, Tume ya Biashara inataka anayelipwa au kupewa bidhaa bure aseme hivyo waziwazi, na mwaka 2024 ilipitisha kanuni inayopiga marufuku kuuza na kununua wafuasi bandia kwa manufaa ya biashara. Norway, tangu Julai 2022, inataka tangazo lenye mwili uliorekebishwa kwenye picha libandikwe alama. Ufaransa ilitunga sheria ya washawishi wa mitandaoni Juni 2023. Hakuna hata mojawapo ya sheria hizo inayomtaka mtu aeleze yaliyo moyoni. Zinauliza tu: ulichomwambia mnunuzi, ni kweli?

Kipimo hichohicho kinasaidia kwenye suala jipya la kuandikiwa na akili unde (AI). Watu mashuhuri wameandikiwa hotuba tangu zamani, na hakuna aliyeona kwamba hotuba si yao kwa sababu karani ndiye aliyezipanga sentensi. Kama tukio lilikutokea na fikra ni zako, mashine ikikunyooshea sarufi hakuna aliyeibiwa. Mashine ikikutungia mteja ambaye hujawahi kumhudumia, na somo alilokufundisha, umerudi kwa Gibson, hata kama ni kwa kiwango cha senti.

Watu wanasomaje?

Mtu anaweza kudhani kwamba mtandaoni kila mmoja anapitisha sura yoyote atakayo. Sivyo kabisa. Mwaka 2010 Mitja Back na wenzake walichukua wasifu wa watumiaji 236 wa mitandao ya kijamii nchini Marekani na Ujerumani, wakawapa wageni wautazame na kukisia tabia za wenyewe. Makisio yalikaribia tabia halisi za watu hao kuliko sura waliyotamani kuwa nayo. Goffman alishaeleza sababu: kuna ishara mtu anazozitoa kwa makusudi na kuna zile zinazomtoka. Unaweza kuandika "mnyenyekevu" kwenye wasifu, lakini namna unavyomjibu aliyekosoa hesabu zako saa tano usiku ni ishara iliyokutoka.

Kinachoaminika, basi, ni kile ambacho ni ghali kukiigiza. Mwanabiolojia Amotz Zahavi aliitoa hoja hiyo mwaka 1975 akieleza wanyama: mkia wa tausi dume unaaminika kwa sababu tausi dhaifu asingemudu kuubeba. Mtandaoni, nywele timutimu hazina gharama, machozi gharama yake ni ndogo, na "nimepitia mengi" ni bure kabisa. Maelezo mahususi ndiyo ghali.

Tuseme mchora nembo anataka kuwaambia watu kwamba yeye ni mzoefu. Anaweza kuandika hivi: "Nashukuru kwa kila mteja aliyeniamini. Nimejifunza mengi, safari bado inaendelea." Hakuna uongo hapo, wala hakuna mtu. Au aandike hivi: "Mteja aliirudisha nembo mara nne. Ya nne ndipo nilipokwenda kusimama ng'ambo ya barabara nikaitazama kama wapita njia wanavyoitazama. Herufi nilizozipenda zilikuwa nyembamba mno, hazisomeki. Nilizinenepesha, nikaondoa mstari wa chini, akaichukua." Hajatuonyesha chumba chake cha kulala. Hajalia. Hata hatujui kama ameoa. Lakini aliyechora nembo maisha yake yote atajua mara moja kwamba huyu alikuwepo, na mteja atajua kwamba huyu akikosea atavuka barabara kwenda kuangalia. Asiyewahi kuchora angelazimika kujifunza kazi ili aweze kuitunga hadithi hiyo, na akishajifunza hatakuwa na haja ya kuitunga.

Pale takwimu zinapoanza kukuongoza

Hatari nyingine haina mdanganyifu ndani yake, na ndiyo inayowapata waaminifu. Mtu anaposti mambo kumi. Tisa yanapita kimya, la kumi, lile aliloandika akiwa na hasira, watu maelfu wanalishea. Kesho anajaribu hasira tena. Baada ya mwaka ana jina la mtu mkali, wafuasi wanakuja kwa ajili ya ukali, na asubuhi anayoamka na furaha zake anajikuta hana cha kuposti. Hakusema uongo hata siku moja. Ukali ule ulikuwa wake, ila ulikuwa sehemu moja kati ya kumi, na sasa ndio umekuwa yeye. Hapa ndipo ninapoona wazo la chapa likimwumiza mtu hasa: mitambo inalipa kurudiarudia, na binadamu aliyelipwa vya kutosha hurudia.

Kuna utafiti wa mwaka 2020, wa Erica Bailey na wenzake, uliotazama watumiaji 10,560 wa Facebook na kukuta kwamba wale ambao sura yao mtandaoni ilikaribiana na tabia yao waliripoti kuridhika zaidi na maisha. Nausoma kwa tahadhari kidogo. Pengine kujieleza kwa ukweli huleta utulivu; pengine pia aliyetulia hana haja ya kujipamba.

Tena kuna jambo ambalo wahubiri wa "kuwa wewe" hulipita haraka. Ushauri huo ni mwepesi kwa yule ambaye namna yake ya kuzungumza, kuvaa na kutaja jina lake tayari inakubalika pale anapotafuta kazi. Mwenye lafudhi inayochekwa, au anayefanya kazi chini ya bosi anayepekua akaunti za watu, akiwa "yeye" hadharani anaweza kulipia kwa mshahara. Akichagua kunyamaza kuhusu upande fulani wa maisha yake, asihesabiwe kuwa mnafiki na watu ambao hawatamsaidia kulipa kodi ya nyumba.

Halafu mtu hubadilika. Herminia Ibarra, profesa wa masuala ya uongozi, aliandika mwaka 2015 kwamba wanaoshikilia sana "mimi ndivyo nilivyo" mara nyingi hukwama kazini, kwa sababu kila jambo jipya mwanzoni huonekana kama kuigiza. Meneja mpya anayeongoza kikao kwa mara ya kwanza anahisi anajifanya meneja. Anajifanya kweli, na ndivyo inavyoanza. Akaunti nayo inapaswa kuruhusu hilo. Mtaalamu wa lishe aliyetetea njia fulani kwa miaka mitatu na sasa haiamini tena ana njia mbili. Anaweza kufuta machapisho ya zamani usiku na kuanza upya kana kwamba hakuwahi kusema, na siku moja mtu aliyehifadhi picha ya skrini atayarudisha. Au ayaache palepale, abandike juu yake maelezo mafupi ya kilichombadilisha na tarehe, ili aliyefuata ushauri wa zamani akirudi aukute umesahihishwa mahali alipouchukua.